Macho ya Kuazima

“Nakuuliza tena,” alisema Bi Kalunde, “na safari hii usinijibu kama unaijibu bodi ya uchunguzi. Mtu mzima, ana baiskeli, ana madumu mawili ya asali, yuko katikati ya daraja mchana kweupe. Hukumwona vipi?”

“Na mimi nakujibu tena, Mama. Nilitazama pale unapotazama wewe.”

“Mimi ningemwona.”

“Ungekuwa unamwona, doki ingenionyesha. Haikunionyesha.”

“Doki ni kisanduku tu, Mbula. Hakina mama wala baba.”

“Mama kinaye,” Mbula alisema. “Ndiyo maana tunagombana.”

Walikuwa chumba cha nyuma, kile ambacho kila mtu nyumbani alikiita ofisi ingawa nusu yake ilijaa magunia ya karanga. Juu ya meza ndefu zilikaa skrini tatu, zimezimwa, na chini ya ile ya katikati kilikaa kisanduku cheusi kipana kama sahani ya wali. Hiyo ndiyo doki. Siku hizi watu walikuwa na doki nyembamba kama biskuti. Hii ilikuwa nene, na pembe yake moja ilikuwa imeyeyuka kidogo, kwa sababu kuna mtu aliwahi kuweka birika la moto juu yake. Mtu huyo alikuwa baba yake Mbula, na mpaka mume huyo anaingia kaburini, Bi Kalunde alikuwa hajamsamehe vizuri.

“Bodi wamenisafisha,” Mbula aliendelea. “Wamechukua njia ya macho yangu, wakaiweka juu ya njia ya macho yako, tangu treni inatoka Tabora mpaka inafika darajani Lugwiza. Zimelingana. Hakuna hata mahali pamoja nilipopishana na wewe. Wamesema hawajawahi kuona mrithi wa namna hiyo. Wamenipongeza, Mama.”

“Wamekupongeza kwa kumvunja mtu mguu.”

“Wamenipongeza kwa kufuata doki.”

“Nimetoka wodini asubuhi hii,” Bi Kalunde alisema. “Nimempelekea uji. Unajua ameniambia nini? Treni haikuwa na haraka, anasema. Ingempigia honi angeshuka darajani kwa miguu yake na baiskeli yake, kama anavyoshuka siku zote. Hakulalamika, amekunywa uji. Kisha akaniuliza kama ninamfahamu mtu anayetazama daraja lile. Ungependa nimjibu nini?”

 Mbula alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye tabia ya kuvuta sikio lake anapobanwa. Alilivuta sasa.

“Zamu yangu leo inaanza saa tisa,” alisema hatimaye. “Nakwenda kuoga na kula. Ukitaka kuikagua, ikague. Ni yako. Lakini nakuomba usiiguse mipangilio. Jumatatu wanakuja kuinakili.”

“Kuinakili kwa nani?”

“Kwa makontrola wapya kumi na wawili wa reli. Nilikuambia. Ulikuwa unachambua mchele.”

* * *

Bi Kalunde alifunga mlango, akavuta kiti, akatoa laptopu yake ya zamani kwenye droo. Kibao chake cha herufi kilikuwa kimefutika A na N. Akaipangusa kwa upindo wa kitenge, akachukua ule waya mmoja mfupi unaotoka kwenye doki, akauchomeka ubavuni.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha skrini ya katikati ikawaka, ikafuata ya kulia, na ya kushoto ikawaka mwisho ikiwa na kigugumizi chake kilekile. Mambo yakajipanga yenyewe. Treni zikakaa katikati. Taa za njia na hali ya hewa zikakaa kulia. Kushoto ikakaa reli yenyewe, kuanzia Tabora kuelekea magharibi, stesheni moja baada ya nyingine, kila moja na kidirisha chake cha kamera kidogo kama stempu. Juu ya kila skrini kulikuwa na kijicho cha kioo chenye ukubwa wa ushanga. Vijicho vitatu vikamtafuta, vikampata, vikatulia.

Alijikuta anatabasamu peke yake kama mjinga. Ni miaka mingi, na kitu kile kilikuwa kinamkumbuka.

Alikuwa miongoni mwa makontrola wa kwanza kupelekwa kufanya kazi nyumbani. Kampuni ya reli ilipouza jengo lake, kila kontrola alipewa doki na skrini tatu na fundi wa kuzifunga, na fundi hakuja, kwa hiyo baba Mbula alitoboa ukuta mwenyewe, akakosea, akatoboa tena. Yale matundu ya makosa yapo mpaka leo nyuma ya kalenda. Miezi ya joto, kabla ya mvua, alikuwa anaweka miguu kwenye beseni la maji chini ya meza huku anapishanisha treni tatu. Mbula mdogo alikuwa anafanya hesabu zake za shule palepale sakafuni, na kila alipotaka kuuliza kitu alijua kusubiri mpaka mama yake avute pumzi ndefu, kwa sababu pumzi ile maana yake treni imeingia stesheni salama.

Treni zilikuwa hazina dereva tayari wakati ule. Zilijua kupima mwendo, kupunguza kwenye kona, kufunga breki. Lakini sheria ilikataa kuziachia jambo moja: kuamua nani ampishe nani. Kupiga honi, kusimama kwa ajili ya ng'ombe au kutosimama kwa ajili ya mbuzi, hayo yalibaki kwa jicho la mtu. Na jicho la mtu ndilo doki ililojifunza. Mwanzoni ilikuwa ni urahisi tu. Vijicho vya kioo viliona unapotazama, doki ikakuangazia pale na kufifisha pengine, usichoke. Ukitazama kona fulani kila treni inapofika mahali fulani, baada ya mwezi kona hiyo inang'aa kabla hujageuza kichwa. Usipotazama, inafifia. Baada ya miaka, doki ya kontrola mzuri inakuwa imeiva. Makontrola walikuwa wanasema hivyo, imeiva, kama wanavyosema ndizi.

Aliyegundua kwamba doki iliyoiva inaweza kumfanya mgeni atazame kama mzoefu alikuwa mtu wa makao makuu, na kwa hakika hakuwahi kukaa zamu hata moja. Ndipo ikaja leseni ya urithi. Mtoto wa kontrola angeweza kukaa kwenye doki ya mzazi wake na kuazima macho. Mbula alikuwa amefeli mtihani wa ukontrola kwa macho yake mwenyewe mara mbili. Kwa macho ya mama yake alifaulu siku hiyohiyo, na Bi Kalunde aliitoa doki kabatini, akaondoa kile kitambaa cha kufuma alichokuwa ameifunikia tangu astaafu, na siku ile alipika pilau.

Bi Kalunde akairudisha doki nyuma mpaka zamu ya siku ya ajali, akaiacha itembee.

Treni ya mizigo ilitoka Tabora. Skrini ilimwangazia njia panda ya kwanza, akaitazama. Ilimwangazia genge la wauza uyoga kando ya reli, maana mvua zilikuwa zimeanza na watu wakati huu hukaa karibu mno. Akawatazama. Hapo hapakuwa na makosa. Kila mahali doki ilipomvuta ndipo ambapo angekwenda mwenyewe; ilikuwa kama kucheza dansi na mtu uliyeishi naye. Kona nyembamba, taa ya kilima, malisho. Treni ikakaribia Lugwiza.

Mkono wake wa kulia ukanyanyuka.

Ulinyanyuka wenyewe, ukaenda pembeni ya meza, ukashika hewa. Bi Kalunde aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Pale, mahali pale hasa, ilikuwa inakaa simu ya njia, ya kuongea na stesheni, nzito, ya kijivu, yenye waya wa kujisokota. Na kichwa chake kilikuwa kimeinama upande ule, sikio mbele. Alikuwa anasubiri kusikia ile sauti ya stesheni ya Lugwiza ikimwambia daraja liko tupu:

“Kontrola, Lugwiza. Mkia umepita, daraja jeupe.”

Hakuna aliyesema. Alipogeuza macho kwenye skrini ya kushoto, kidirisha cha daraja kilikuwa kimefifia kabisa, kijivu juu ya kijivu, na ilibidi asogee karibu mpaka pua ikaribie kioo ndipo alipoona. Mtu alikuwa pale. Baiskeli. Madumu mawili.

* * *

Namba ya Bwana Kiyungi alikuwa nayo. Kila Idi alimtumia salamu na kila Krismasi naye akatumiwa, maana yeye alikuwa Mkristo na Kiyungi Mwislamu, na kila mmoja alikuwa anatuma kwa sikukuu ya mwenzake makusudi ili amkumbushe. Walikuwa wamefanya kazi pamoja karibu miaka ishirini, yeye mezani Tabora na Kiyungi stesheni masta wa Lugwiza, na hawakuwahi kuonana. Alikijua kikohozi chake kuliko sura za baadhi ya mashemeji zake.

“Nani?” sauti ilisema.

“Kontrola.”

 Kilisikika kicheko kilekile cha kukwaruza.

“Kontrola. Mama Mbula. Bado hujafa?”

“Nakusubiri wewe utangulie, ukaniwekee nafasi. U mzima?”

“Magoti. Wajukuu. Kuku wananinyea barazani. Mengine salama. Huko uyoga umetoka?”

“Umetoka.”

“Nilijua. Hapa Urambo wanauza uyoga mbaya, mchanga mtupu. Pale Lugwiza nilikuwa nauokota nyuma ya ofisi, kati ya treni na treni. Nikikupigia unaniambia, ‘Kiyungi, unatafuna kazini.’ Ulikuwa unanionea.”

“Ulikuwa unatafuna.”

“Nilikuwa natafuna,” alikubali.

Bi Kalunde angependa kuendelea hivyo. Angependa kumwuliza kuhusu yule mbwa aliyekuwa anaibwekea treni ya jioni tu, na siku ile mbuga ilipofurika wakazungumza mpaka mapambazuko wasilale. Lakini alikuwa mtu wa kwenda kwenye jambo.

“Nisikilize. Lile daraja. Ulipokuwa unanipigia, daraja jeupe. Ulikuwa unaliona kutoka ofisini?”

“Kutoka ofisini? Hapana. Kulikuwa na tangi la maji mbele. Nilikuwa natoka.”

“Unatoka baada ya treni kupita.”

“Kabla na baada. Kabla natoka na filimbi nawafukuza. Watu wa asali, watu wa kuni, akina mama wa uyoga. Mvua ikinyesha mbuga inajaa maji, hakuna njia nyingine ya kuvuka, wote wanapita darajani. Nawapigia filimbi, nawatukana kidogo, wanashuka. Treni inapita, natazama mkia, narudi nakupigia.” Alikohoa. “Kwani wewe ulifikiri walikuwa wanaondoka wenyewe?”

Bi Kalunde aliitazama skrini ya kushoto.

“Sikufikiri,” alisema. “Ulikuwa unaniambia jeupe, nikajua ni jeupe.”

“Ndivyo kazi ilivyokuwa. Ningekudanganya mimi?”

“Hukunidanganya hata mara moja.”

“Sasa stesheni wamezifunga zote. Nasikia tangi wamelikata wakauza chuma.” Kuku alilia karibu naye. “Nani anapiga filimbi sasa, Mama Mbula?”

“Hakuna.”

“Ila kuna mtu anatazama.”

“Yupo. Anatumia macho yangu.”

Mzee yule hakuuliza maana yake. Labda alielewa, labda alikuwa anafukuza kuku. Wakaagana kwa maneno mengi mafupi, kama watu wanaoogopa kukata simu, na Bi Kalunde ndiye aliyekata.

* * *

Mbula alirudi akiwa na sahani ya ugali na samaki mkononi, nywele zina maji. Alimkuta mama yake amekaa wima, skrini zote zinawaka, na kidirisha kimoja amekikuza kikajaa skrini nzima ya kushoto. Daraja tupu, maji ya mbuga pande zote mbili.

“Nimekuomba usiguse mipangilio.”

“Kaa chini.”

Mbula alikaa juu ya gunia la karanga. Bi Kalunde alimweleza. Hakuzungusha: simu ya njia, Kiyungi, filimbi, miaka yote ile ambayo hakuwa na sababu ya kulitazama daraja lile kwa sababu kulikuwa na mtu analitazama kwa niaba yake na kumwambia sikioni. Doki haina masikio. Iliona tu kwamba kontrola bora katika sehemu yake hatazami Lugwiza, na ikajifunza kwamba Lugwiza hapana haja ya kutazamwa.

Mbula alikula kipande cha samaki taratibu huku anafikiri. Alikuwa na akili, binti yule. Mitihani ilikuwa imemfelisha kwa woga, si kwa ujinga.

“Sawa,” alisema. “Hilo linatengenezeka. Unakaa na mimi zamu za wiki mbili, tatu. Kila treni ikifika Lugwiza unatazama daraja. Wewe, si mimi, doki inakusikiliza wewe. Itajifunza. Litaanza kung'aa kama mengine.”

“Na Jumatatu?”

“Jumatatu nawaambia naumwa, waahirishe. Hakuna haja ya mtu kujua, Mama. Kosa si lako. Si langu. Tunalirekebisha kimya kimya, kwisha.”

Bi Kalunde alilipima jambo hilo kwa haki, kwa sababu lilikuwa jambo la maana. Lilikuwa hata ndilo alilolifikiria yeye mwenyewe nusu saa iliyopita. Angekaa tena pale, binti yake pembeni. Angeweka hata beseni la maji. Zamu baada ya zamu, wawili wao, treni zinapita, na mwisho doki ingekuwa nzuri kuliko ilivyokuwa.

“Njia panda ya kilima,” alisema.

“Imefanyaje?”

“Huwa unaitazama?”

Mbula alifikiri. “Mara moja, treni ikiingia. Inang'aa kidogo.”

“Mimi nilikuwa naitazama mara moja kwa sababu mwalimu wa shule iliyo karibu nayo alikuwa anagonga kengele watoto wakitoka, na kengele ilikuwa inasikika kwenye simu ya stesheni ya pili. Nikisikia kengele natazama mara nyingi. Nisiposikia natazama mara moja.” Aliinua kidole kabla Mbula hajasema. “Hilo nimelikumbuka sasa hivi, nikikutazama unakula. Je, ambalo sijalikumbuka? Nilikuwa na simu sita mezani hapa. Nilikuwa na redio ya taarifa za upepo. Baba yako alikuwa anasimama mlangoni pale ananiambia mvua imeanza upande wa Urambo, kwa sababu yeye alikuwa anapigiwa na ndugu zake. Nusu ya kazi yangu ilikuwa inaingia masikioni, Mbula. Walibeba macho wakaacha masikio. Siwezi kukutengenezea kitu ambacho sijui wapi kimepungua.”

“Basi tutatafuta. Pole pole.”

“Wakati tunatafuta pole pole, treni zinapita pole pole?”

Mbula aliweka sahani sakafuni.

“Unajua kitakachotokea ukisema,” alisema. “Doki itafungwa. Leseni yangu ni ya doki hii, si ya kitu kingine. Nimefeli mara mbili kwa macho yangu.”

“Najua. Nilikuwa nje ya mlango.”

“Wataifuta yote. Si Lugwiza peke yake. Kila ulichowahi kutazama. Hata huna nakala ya kitu kingine chochote cha miaka ile, Mama. Picha zetu ziliharibika, simu ya Baba iliibiwa. Hiki ndicho kilichobaki. Mimi nikikaa hapa…” Alivuta sikio. “Kila nikiwa zamu ya asubuhi, saa saba na nusu skrini ya kulia inang'aa chini pembeni, mahali ambapo hapana kitu. Hapana taa, hapana stesheni. Kwa muda mrefu sikuelewa. Ni saa niliyokuwa natoka shule. Ulikuwa unatazama dirisha. Dirisha liko nyuma ya skrini pale pale.”

Bi Kalunde hakuwa anajua. Aligeuka akatazama pembe ile ya skrini, na nyuma yake dirisha, na kipande cha uzio ambapo zamani lilikuwa lango dogo.  

“Na hao watu kumi na wawili,” alisema, “nao watakuwa wanatazama kona hiyo kila siku saa saba na nusu. Treni zinatembea.”

“Sekunde mbili tu.”

“Nilikuwa napitisha treni nyingi kwa sekunde mbili.”

“Kwa hiyo unanifukuzisha kazi.”

“Ndiyo.”

Hakumwambia ni kwa faida yako. Haikuwa kwa faida yake, na Mbula hakuwa mtoto. Alinyoosha mkono akabonyeza kitufe cha mkuu wa zamu kwenye skrini ya kulia. Bila kufikiri alikuwa amekwisha jiweka sawa kitini, mgongo ulinyooka, kidevu juu, kama alivyokuwa anajiweka zamani kabla ya kuzungumza kwenye simu ya njia.

“Mkuu wa zamu, Lutengano.” Sauti ya mwanamume aliyeshiba mchana. “Mbula, umewahi. Zamu bado.”

“Si Mbula. Ni Kalunde.”

“Shikamoo, Bi Kalunde. Tunakusubiri Jumatatu. Wageni wa makao makuu wanataka kupiga picha na wewe.”

“Marahaba. Jumatatu msije. Naripoti doki yangu ina upofu. Haitazami daraja la Lugwiza, na mahali pengine pengi nisipopajua. Yule mrina asali aligongwa kwa sababu hiyo. Binti yangu alitazama sawasawa na doki. Doki ndiyo mbovu.”

 Lutengano alishusha sauti.

“Bi Kalunde. Laini hii inarekodiwa, unajua. Bodi imeshafunga lile suala. Ngoja nikupigie kwenye simu yako ya mkononi, tuzungumze kama watu.”

“Sitaki ya mkononi.”

“Kuna makontrola tisa wanaotumia doki za urithi mkoa huu. Ukisema neno hilo hapa, nitalazimika kuwauliza na hao.”

“Waulize. Waulize wazazi wao walikuwa wanasikia nini.”

“Na Mbula?”

Bi Kalunde alimtazama binti yake. Mbula alikuwa amesimama sasa, mikono imening'inia, macho mekundu lakini makavu. Hakusema acha. Hakusema endelea. Alikuwa anaitazama skrini ya kushoto, daraja, na mama yake aliona kwamba analitazama kweli, kila taruma la reli, kama mtu anayehesabu meno ya mtoto.

“Mbula atafanya mtihani mara ya tatu,” Bi Kalunde alisema. “Akifeli atalima karanga. Andika ripoti, Lutengano.”

Ilisikika kalamu, au kucha, ikigonga meza huko aliko.

“Nimeandika. Treni mbili ziko sehemu yako sasa hivi, chini ya otomatiki ya kati ya zamu na zamu; bila doki yako sheria haiziruhusu kutembea.” Akakohoa. “Kanuni inasema mwenye doki aichomoe mwenyewe. Baada ya hapo hairudi.”

“Naijua kanuni. Niliisaini.”

Alifunga laini. Hakukaa kuziangalia skrini kwa mara ya mwisho, angekaa, asingenyanyuka. Alishika ule waya mfupi kwa vidole viwili, karibu kabisa na tundu, kama alivyomfundisha kila mtu nyumbani asije akauvuta kwa katikati ukakatika, na akauchomoa.

Chumba kikawa na mwanga wa mchana tu. Mezani ilibaki laptopu ya zamani, kioo chake kidogo kimepata mstari mmoja wa maandishi meupe. Mbula aliinama begani kwa mama yake, wakausoma pamoja.

Hakuna anayetazama. Treni zote zimesimama.